Umegeuza, kaka

Kaka, unasema maskini habadiliki kwa sababu hajui kupanga. Naona umegeuza chanzo na matokeo: ufukara wenyewe ndio unaovuruga kupanga. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India. Walipimwa kabla ya mavuno, mfuko umekauka, wakapimwa tena baada ya mavuno, hela ipo. Watu walewale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kufikiri. (Wapo wataalamu waliokosoa vipimo vyenyewe, kwa hiyo siushiki kama msahafu.)

Tena kuna jambo halihitaji hata utafiti. Anayenunua mafuta ya kupima kila jioni anajua fika kwamba dumu la lita tano lina nafuu. Hesabu hiyo anaiweza kuliko mimi na wewe. Hela ya dumu ndiyo hana, basi. Na kichwa hichohicho usiku kinazungusha kodi ya chumba, michango ya shule na deni la dukani kwa Mangi. Halafu asubuhi umletee mtu wa semina amfundishe kuweka akiba!