Nilifungua depo ya diakonia kwa watu wasio wa kanisa letu. Je, nilitenda dhambi?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama shemasi katika kanisa moja la hapa Goma, upande wa Ndosho, na ndimi ninayeshika ufunguo wa depo ya diakonia, ghala ya chakula cha kusaidia wenye shida. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini na masasi yalipokuwa yanapita juu ya mabati, watu walikuja usiku kugonga lango la kanisa. Nikafungua. Walikuwemo wa kwetu, Wakatoliki, watu wa makanisa ya uamsho, Waislamu wawili, na jamaa moja inayosema Kinyarwanda, mama na watoto watatu, ambao mtaani walikuwa wameanza kunyoshewa kidole. Tulikaa siku nne. Maji hakuna, umeme hakuna. Nilipika magunia mawili ya maharagi na moja la unga, vyote vya kanisa, tukala wote. Sikumwomba mtu ruhusa, simu yangu ilikuwa imezimika, wala sikuandika kitu. Baadaye kamati ilinihukumu kwamba chakula cha watoto wa nyumba nimewapa watu wa nje, na kwa ajili ya jamaa ile nimelitia kanisa hatarini. Walinisomea Wagalatia 6:10 na 2 Yohana 10. Nimezuiwa Meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya kanisa. Je, nilitenda dhambi? Usiku bado nasikia watu wakigonga.

JIBU: Mama shemasi, barua yako nimeisoma mara tatu. Umengoja vya kutosha, kwa hiyo jibu lenyewe nalitanguliza: hukutenda dhambi kwa kufungua lango, wala kwa kupika. Liko jambo moja ulilokosea, nitalifikia, ni dogo. Lakini hili ulilohukumiwa si kosa. Kama ningekuwa mimi ndiye niliyelala na ufunguo mfukoni usiku ule huku watu wanagonga, leo mimi ndiye ningekuwa natafuta toba.

Nimeamua kukujibu mbele ya wote kwa sababu hauko peke yako. Tangu siku zile nimelisikia fundisho hili katika makanisa kadhaa ya mji wetu, kwamba shida ikija kanisa lijifungie na walio wake. Linafundishwa kwa sauti ya upole, tena kwa Biblia mkononi, na hilo ndilo linalonisumbua. Mtu mchoyo akisema "sina" tunamjua. Akisema "Paulo amenikataza", washirika wanyenyekevu kama wewe wanarudi nyumbani wakilia.

Tuanze na Wagalatia. Andiko linasema: "Kwa hiyo kadiri tupatavyo nafasi na tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio." Waliokuhukumu walikusomea nusu ya pili kwa nguvu, nusu ya kwanza wakaipita kama mtu anayeruka shimo la maji. Watu wote. Kisha likaja neno "hasa", nao wakalisoma kana kwamba limeandikwa "tu". Haya ni maneno mawili, na kila mtoto anayetumwa sokoni anajua tofauti yake. Ukimwambia binti yako, "Niletee sombe, chumvi na sambaza, hasa sambaza", akirudi na sambaza peke yake utamuuliza sombe iko wapi. Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo amletee lile joho, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Hakumwambia vitabu vingine avitupe barabarani. Na neno hilohilo la Kiyunani limo katika 1 Timotheo 4:10, ambapo Mungu anaitwa Mwokozi wa watu wote, hasa wa waaminio. Anayetaka "hasa" iwe "tu" katika Wagalatia, aende nayo mpaka kwa Timotheo, aone Mungu wake atabaki Mwokozi wa nani.

Kwa hiyo "hasa" ina kazi yake, siifuti. Maana yake ni kwamba ndugu wa imani asilale njaa huku wewe unatafuta sifa kwa watu wa mbali. Katika zile siku nne, kuna mshirika wa kanisa lako aliyekuja langoni akakosa kopo lake la maharagi kwa sababu Mwislamu alikula? Umeandika, "tukala wote." Basi andiko umelitimiza nusu zote mbili, na waliokuhukumu wamelitimiza moja.

Niongeze habari moja ya zamani, kwa maana inatoka Galatia ileile. Miaka 300 hivi baada ya waraka huo, mwaka 362, alitawala Kaisari Julian, aliyekuwa ameuacha Ukristo na kutaka kurudisha ibada za miungu ya kale. Alimwandikia kuhani mkuu wa miungu hiyo huko Galatia akilalamika kwamba ni aibu, hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wetu pia. Hiyo si sifa ya rafiki. Ni lawama ya adui, na adui hakuwa na sababu ya kuwapamba. Wana wa wale walioandikiwa "na hasa jamaa ya waaminio" walilielewa neno lile hivyo, mpaka Kaisari akaona haya. Sisi wa Goma tunataka kulielewa kuliko Wagalatia wenyewe?

Sasa 2 Yohana 10: "Mtu akija kwenu, naye haleti mafundisho hayo, msimkaribishe nyumbani mwenu, wala msimpe salamu." Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Yohana anazungumza juu ya waalimu waliokuwa wakizunguka makanisa wakifundisha kwamba Yesu Kristo hakuja katika mwili. Soma mstari wa 7, umeandikwa hapohapo juu yake. Mwalimu wa namna hiyo usimpe mimbari wala nauli ya kwenda kupotosha wengine. Mama aliyekuja na mtoto mgongoni akikimbia mabomu, alikuja na mafundisho gani? Alikuja na kiu. Kulichukua andiko la walimu wa uongo na kulifunga kwenye shingo ya mtoto mwenye kiu ni kulitumia Neno vibaya, na anayefanya hivyo madhabahuni atatoa hesabu.

Habari ya "chakula cha watoto" wameitoa Mathayo 15. Nawaomba wasiishie mstari wa 26, "Si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa." Yule mama Mkanaani alipata alichokiomba, binti yake akapona saa ileile. Ukiisimulia habari ile ukaachia katikati, umeigeuza.

Tena hao Wakatoliki, ni watu wa nje kweli? Mwezi huohuo wa Januari 2025 maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki wa Kongo, na wachungaji wa ECC, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti, walikuwa wamesimama pamoja kuutangaza mkataba wa kijamii wa amani, na mwezi wa Februari ujumbe wao ulifika hapa hapa Goma, kasisi na mchungaji katika safari moja. Wakubwa wetu wanaketi gari moja kuutafutia mji amani, sisi huku chini tunagombana nani ale maharagi.

Mimi nina deni kwao ambalo sijalilipa. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye tukaambiwa tuuhame mji, tulitembea kwenda Sake, mimi, mke wangu na wajukuu, godoro juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Usiku tuliingizwa katika ua wa kanisa la Wakatoliki. Mama mmoja wa shirika, jumuiya yao ndogo ya waamini, alikuja na sufuria ya mahindi ya kuchemsha na bidoni ya maji, akaanza kugawa toka kona ya mlango. Alipofika kwetu nilimwambia, "Mama, sisi ni Wapentekoste." Sijui kwa nini nilisema hivyo, labda niliona haya kula cha wenyewe. Alinitazama tu, akanitilia mahindi mawili mkononi, akapita kwa mwingine. Hakuna aliyeulizwa kadi ya ubatizo katika ua ule. Leo nikiambiwa kwamba Mkatoliki aliyekula kwako ni mtu wa nje, yale mahindi yananikaba koo.

Nimefika kwenye hoja ya hatari, na hii siidharau. Aliyesema kwamba jamaa ile ingeweza kulitia kanisa matatani hakusema uongo. Tunajua mji wetu. Watu wameuawa kwa lugha yao, kwa sura yao, kwa neno moja la jirani mwenye chuki, na hilo limetokea kwa watu wa kila upande. Mzee wa kanisa anayefikiria watu 60 waliolala ndani ana haki ya kuogopa. Lakini hofu yake ilipaswa kuuliza swali moja tu langoni: je, kuna aliye na silaha? Silaha isiingie katika nyumba ya Mungu, awe ameishika nani. Asiye na silaha ni mgeni, na mgeni akishapita lango lako hapimwi tena kwa kabila. Obadia alikuwa mtumishi katika nyumba ya Ahabu, akawaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Alihatarisha kichwa chake, na Biblia haimlaumu. Bukavu inamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996, akiwa amebaki na watu wake mji ukiwaka, na alikuwa amewatetea wakimbizi wa Rwanda wakati kuwatetea hakukumpa mtu marafiki. Hakuwa wa dhehebu langu. Namtaja kwa heshima.

Kuna sura ambayo nataka waliokuhukumu waisome polepole, Matendo 27. Sisi watu wa ziwa tunaielewa. Merikebu inapigwa na tufani, jua halionekani wala nyota, siku 14 watu hawajala kitu. Ndani kuna watu 276: mabaharia, askari wa Kirumi, wafungwa, na waamini wawili watatu tu. Mabaharia wanataka kutoroka na mashua. Paulo anamwambia akida kwamba hawa wasipokaa ndani, nyinyi hamtaokoka. Kisha alfajiri anawasihi wote wale, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega. Hakutenga jamaa ya waaminio upande mmoja wa sitaha. Na angalia waliokula mkate ule: baada ya kitambo askari walewale walifanya shauri la kuwaua wafungwa, Paulo akiwemo. Alikula pamoja na watu ambao hakujua kesho wangemfanya nini. Wewe ulikuwa na jiko la makala na sufuria moja, mama, ukafanya vilevile.

Sasa kosa lako. Magunia yale hayakuwa yako wala ya kamati, ni sadaka za watu waliokuwa na njaa wao wenyewe. Usiku wa kwanza hukuweza kumuuliza mtu, hilo liko wazi. Lakini siku ya nne mabomu yalipotulia, ulipaswa kuandika: magunia mangapi, siku ngapi, watu wangapi, nani walishuhudia. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo hakubeba mchango wa makanisa peke yake, alitaka ndugu wengine waende nao, ili mtu asimlaumu. Andika sasa, hata kama umechelewa. Andika hesabu, majina usiandike. Jina la mama yule na mtaa wake ulioniandikia nimeviondoa katika barua hii, na usimwandikie mtu mwingine yeyote.

Kuhusu toba mbele ya kanisa: usikiri dhambi ambayo hukuitenda. Kusema uongo madhabahuni ili urudishwe Mezani ni kununua Meza kwa uongo. Unaweza kusimama na kusema kweli tupu, kwamba hukutoa taarifa kwa wakati, na unaomba radhi kwa hilo. Wakikuuliza kuhusu lango, sema ulifungua. Usibishane, usitaje mtu. Kabla ya hapo mwendee mchungaji wako nyumbani, wewe na mumeo, kama Mathayo 18 inavyotufundisha. Yeye pia alikuwa chini ya masasi yale siku nne, na sijui nani alimuuliza habari ya usingizi wake.

Usitume ujumbe katika kundi la simu la akina mama. Usiache zamu yako ya kufagia. Kama depo iko tupu, zungumza kwa utulivu na viongozi wa shirika la Wakatoliki na imamu wa pale karibu, uwaambie tu kilichotokea. Wakileta kitu, pokea, andika. Paulo anasema wingi wao ufae upungufu wenu, na hapo hakuna aibu.

Na kule kugonga unakokusikia usiku. Mama, hilo si Mungu anayekuhukumu. Mwili wako bado uko kwenye zile siku nne, umesimama nyuma ya lango na ufunguo mkononi, unahesabu vichwa, unasikiliza kama mtoto analia. Wengi Goma hawalali sasa, hata wanaume wanaosema wanalala. Usikae nalo peke yako gizani, mwamshe mumeo, washeni taa, na msome Zaburi ya 4 mpaka mstari wa mwisho. Hali ikiendelea, nenda hospitali, uliza wanaosaidia watu kwa mazungumzo. Hilo halipunguzi imani.

Alhamisi mchana niko nyumbani. Njoo na daftari la hesabu, hata kama kurasa ni tupu, mke wangu atakaa nasi, tuanze kuandika magunia yale pamoja.