Matembezi ya Lubumbashi ukiwa mjamzito na mtoto mdogo

Mama mpendwa, umeuliza kama ni busara kuendelea kumtoa mwanao wa miaka miwili matembezini Jumapili, ilhali una mimba ya miezi sita na Oktoba imefika na joto lake. Ikiwa mkunga aliyekupima hajakukataza, endeleeni, kwa kuwa kutembea taratibu kunakufaa, na mtoto anahitaji saa hizo za kuwa nanyi wawili kabla mdogo wake hajazaliwa.

Ila tokeni mapema. Oktoba ndiyo miongoni mwa miezi yenye joto kali zaidi hapa Lubumbashi, na mvua zikianza kushika mwezi wa Novemba, mawingu ya mchana huweza kuwakuta mbali na nyumbani. Kwa hiyo bustani ya wanyama asubuhi, mkirudi kabla ya saa sita, inatosha kabisa, nayo ina vivuli vya kupumzikia.

Jambo ninalokusihi zaidi ni hili: usimbebe mtoto mgongoni. Mgongo wako tayari una mzigo, na kitenge kilichokazwa tumboni kitakuchosha. Baba yake ambebe, hata watu wakitazama, kwani mtoto aliyezoea mikono ya baba hatateseka sana utakapokuwa na kichanga kifuani.

Chukueni maji yaliyochemshwa, na maembe yaosheni kabla ya kula. Jioni, mlale wote ndani ya chandarua chenye dawa, maana malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.