Maswali na Majibu: Kipengele Bila Kazi Yake ni Jina Tupu

Naomba orodha kamili ya vipengele vya sanaa niwaandikie wanafunzi ubaoni.

Mstari, umbo bapa, umbo lenye ujazo, rangi, mwanga na giza, nafasi, na hali ya uso wa picha. Swali hili halikomi kuja, na jibu lake limo katika kurasa za mwanzo za karibu kila kitabu cha somo hili. Atakayelituma tena aniambie kwanza atafanya nini baada ya kuiandika orodha hiyo ubaoni, maana kazi inaanzia hapo.

Darasa langu zima linaandika sentensi moja: "Msanii ametumia mistari, rangi na maumbo kumvutia mtazamaji." Niwape alama?

Usiwape. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu aliyefumba macho. Inafaa kila picha iliyowahi kuchorwa, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu picha iliyo mbele yao. Ila usiwabebeshe lawama peke yao. Mara nyingi ni sisi walimu tuliowaambia "taja vipengele vilivyotumika", nao wametaja.

Badilisha swali: kipengele hiki kinafanya kazi gani hapa, na kikiondolewa nini kinaharibika? Chukua "Yowe" ya Edvard Munch, ile ya mwaka 1893 iliyochorwa juu ya kadibodi. Mwanafunzi ataona upesi kwamba anga na maji vimechorwa kwa mistari inayojipinda, na daraja kwa mistari iliyonyooka inayokimbia mshazari. Asiishie hapo. Aiwekee picha karatasi angavu ya kunakilia juu yake, anakili mistari mikuu, kisha achore tena anga hilo kwa mistari ya kulala iliyotulia. Yule mtu aliyeshika mashavu anabaki, mdomo u wazi vilevile, lakini sasa anapiga yowe peke yake; dunia haimwitikii tena. Hapo mwanafunzi atagundua kwamba mwili wa mtu huyo unapinda kama anga, ilhali watu wawili walio nyuma yake wamenyooka kama daraja lenyewe. Mwenye hofu yuko upande wa anga, wale wawili wako upande wa mbao. Akiandika hivyo, mpe alama zake zote, hata kama amesahau kutaja vipengele vingine vyote.

Kwa hiyo si lazima kuchambua vipengele vyote saba katika kila picha?

Si lazima. Viwili vilivyochambuliwa hadi mwisho vinatosha.

Nyekundu inamaanisha hasira na bluu inamaanisha huzuni, sivyo?

Sivyo, na naomba jedwali la maana za rangi liondoke kwenye kuta za madarasa. Limewazuia wanafunzi wengi kutazama. Angalia "Studio Nyekundu" ya Henri Matisse, ya 1911. Sakafu, kuta na samani zote zimezama katika nyekundu moja. Hasira iko wapi? Kazi ya nyekundu hapo ni ya nafasi: inafuta kona ya chumba, mpaka huwezi kusema ukuta unaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Meza na viti vimebaki kuwa mistari myembamba, na hata mistari hiyo ni upenyo tu ambao Matisse aliuacha ili rangi ya chini ionekane. Vitu vyenye rangi zake kamili ni vichache, na vingi kati ya hivyo ni kazi za Matisse mwenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba nyekundu ni hasira hatayaona haya. Ameshapata jibu kabla ya kufungua macho.

Rangi isomwe kwa majirani zake ndani ya picha. Iko karibu na rangi gani? Imechukua eneo kubwa kiasi gani? Imerudiwa wapi?

Wanafunzi wanachanganya rangi na mwanga na giza. Nitumie mfano gani?

"Taswira, Macheo" ya Claude Monet, ya 1872. Jua lake la rangi ya chungwa linaonekana kuwaka kuliko kitu kingine chochote pichani. Igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe, na jua linakaribia kupotea kabisa, kwa sababu mng'ao wake unakaribiana sana na wa anga linalolizunguka. Linawaka kwa tofauti ya rangi peke yake. Simu yoyote yenye kamera inaweza kufanya jaribio hili, na sijui njia nyingine inayoeleza jambo hili upesi zaidi.

Kisha waonyeshe kinyume chake: "Wito wa Mtakatifu Mathayo" ya Caravaggio, ya 1599 hadi 1600. Igeuze nyeusi na nyeupe nayo, na karibu kila kitu kinabaki. Mwanga unaingia kutoka kulia, unafuata mkono wa Kristo ulionyooshwa, unawafikia waliokaa mezani. Dirisha lililomo pichani halitoi mwanga wowote. Waulize kwa nini mchoraji aliliweka, na uwape muda wa kubishana.

Tunatumia picha za simu au za vitabu. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya, mradi mwalimu aseme kilichopotea. Kwanza ni ukubwa. Kwenye kioo cha simu, "Guernica" ya Pablo Picasso na "Wimbi Kubwa" la Hokusai zinalingana. "Guernica" ina urefu wa karibu mita 3.5 kwenda juu na mita 7.8 kwenda upande. "Wimbi" lina takriban sentimita 25 kwa 37, la kushikwa mkononi. Toka nje na kamba, mpime mita hizo chini, wanafunzi wasimame ndani yake. Baada ya hapo ndipo mzungumze juu ya Guernica, mji wa Hispania ulioshambuliwa kwa mabomu Aprili 1937.

Pili ni hali ya uso wa picha. Rangi nzito za Vincent van Gogh zimeinuka kama matuta, na picha ya simu inayasawazisha.

Tatu, ambalo walimu wengi hawalisemi, rangi zenyewe hubadilika kwa miaka. Kuta za "Chumba cha Kulala" cha Van Gogh, ambazo leo ni bluu, yeye alizieleza katika barua kuwa za zambarau hafifu. Wekundu uliokuwamo umepauka. Na "Doria ya Usiku" ya Rembrandt, ya 1642, si ya usiku. Jina hilo lilikuja baadaye, vanishi, utando unaopakwa juu ya picha kuilinda, ilipokuwa imeifanya nyeusi. Msiandike kurasa juu ya maana ya giza ambalo mchoraji hakulichora.

Nianze na maisha ya msanii au na picha?

Na picha, kila mara. Ukianza na sikio ambalo Van Gogh alijikata, darasa zima litaona wazimu katika kila mstari wa "Usiku wa Nyota". Wape dakika kumi za kutazama kimya na kuandika wanachoona, ndipo uwaambie kwamba aliichora Juni 1889 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Ufaransa, na kwamba kijiji kile hakikuonekana kutoka dirisha lake. Habari hizo ziwasaidie kueleza walichokwisha kukiona.

Je, katika sanaa kila jibu ni sahihi?

Hapana. Asiyeweza kuonyesha kwa kidole mahali alipoona anachokisema, arudi kutazama.

Wanafunzi wanaleta insha zilizoandikwa na akili mnemba. Nizizuieje?

Dai mchoro kwanza: mistari mikuu na maeneo ya mwanga na giza, kwa penseli, darasani, mbele yako. Insha iandikwe kutokana na mchoro huo.

Nina kipindi kimoja tu. Nichague picha ipi?

"Wimbi Kubwa". Watafute kwanza mashua tatu, kisha mlima Fuji, ambao wengi hudhani ni wimbi jingine. Usiwakosoe haraka. Waulize ni umbo gani lililowafanya wadhani hivyo, na watafute mbele ya picha wimbi dogo lenye umbo hilohilo.