Jibu: Mazungumzo ya Kiingereza yanakufa tukifika mada ya afya

Salaam aleikum ndugu yangu. Umeuliza mfanyeje, maana kikundi chenu kikianza mada ya afya kila mtu anasema "I agree", kisha kimya.

Kwanza angalia swali mnaloanzia. "Je, afya ni muhimu?" nani atalipinga? Sisi hapa Malindi tuliamka tulipouliza kama mahamri na chai ya sukari kila asubuhi tuache au tupunguze. Dada mmoja anayeuza mahamri aliyatetea kwa Kiingereza bila kusita, na siku zote alikuwa hasemi neno!

Halafu leteni jambo moja la hakika la kushika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Tulimimina chumvi isiyojaa kijiko kimoja cha chai, ndicho kiasi chenyewe, juu ya kisahani, tukakizungusha mkono kwa mkono. Hapo maoni hayaishi: achari je? Ng'onda je?

Sharti letu ni moja: ukitoa maoni, malizia na "because". Anayekupinga akuulize kwanza sababu, ndipo aseme yake. Makosa ya sarufi yaandikeni pembeni, myarekebishe mwisho. Ukimkata mtu katikati, kesho hafungui mdomo.

Na tafadhali, msimlazimishe mtu kueleza ugonjwa wake mwenyewe. Azungumzie mgonjwa wa kubuni, Kiingereza ni kile kile.