Mjomba yuko Muscat, anauliza aniletee nini

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga na usiku huwa natazama nyota. Mjomba wangu anayefanya kazi Muscat anakuja Desemba, na ameniambia nimwandikie orodha ya vitu ninavyotaka ili asije akaniletea manukato tena. Nimeandika hivi: darubini inayokuza mara 525 niliyoiona kwenye tangazo, kamera ya kupigia picha anga, tochi ya leza ya kijani ya kuonyeshea nyota, na programu ya kulipia ya ramani ya anga. Kuna nilichosahau? – Mpenda Nyota, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wajomba wanaouliza kwanza ni wachache, kwa hiyo tusimchezee kilo zake za ndege.

Nianze na hiyo 525, maana ndiyo iliyofanya barua yako iwatangulie wenzake. Soma tangazo hadi chini kabisa. Utakuta kioo cha milimita 76, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) milimita 700, lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, na lenzi ya Barlow ya kuzidisha mara 3. Gawanya 700 kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3, hiyo hapo 525. Hesabu ni halali kabisa. Ila kioo kina kikomo chake, nacho ni kama mara mbili ya upana wake kwa milimita. Cha 76 kinaishia 150 hivi, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukilazimisha kupita hapo, Mshtarii inakuwa doa la ukungu linalotetemeka, na ukigusa tu stendi, doa lenyewe limekimbia. Jirani yangu mmoja anayo ya namna hiyo. Siku hizi iko sebuleni, imetundikiwa kofia.

Halafu kuna stendi. Darubini hizi mara nyingi huja na ile yenye mhimili ambao kitabu cha maelekezo kinakuambia uuelekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Wewe uko Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wako. Ncha ya kusini ya anga, ambayo ndiyo ungeuelekezea mhimili huo huku kwetu, nayo iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, yaani nyuma ya minazi ya watu, na stendi nyingi hazikubali kulazwa kiasi hicho. Waliotengeneza hawakuwa wakitufikiria sisi.

Mwombe mjomba darubini ya kioo ya mtindo wa Dobson, ile ya kuweka mezani, yenye kioo cha milimita 130. Sky-Watcher Heritage 130P ni mfano mmoja. Mtindo wenyewe ulienezwa na John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa kule San Francisco: kisanduku kinachozunguka, bomba linalopanda na kushuka, basi. Hakuna ncha ya kutafuta, unasukuma kwa mkono. Ina kilo 6 hivi, na bomba lake hurudishwa ndani likawa fupi. Kioo cha 130 hukusanya mwanga zaidi ya mara 300 ya jicho lako, na mwanga ndio unaoutafuta. Ukuzaji unafuata nyuma. Huja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya 10. Fokasi ni 650, kwa hiyo unapata mara 26 na mara 65. Kwa hiyo ya 65 utaziona pete za Zohali, mikanda ya Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, na Alfa Kentauri ikijigawa kuwa nyota mbili. Tafuta stuli fupi nzito ya kuiwekea. Meza ya plastiki itakutesa.

Kamera futa. Andika badala yake kishikio cha simu kinachobanwa kwenye lenzi ya jicho. Picha za mwezi utakazopiga zitawatosha wote mtaani kwako. Leza futa pia, na sitaki tubishane: yenye nguvu hupofusha macho, na ikielekezwa kwenye ndege humsumbua rubani. Programu usilipie. Stellarium ya kompyuta ni ya bure, na mimi sijawahi kuhitaji zaidi.

Uliyosahau ni madogo. Tochi nyekundu, kwa sababu macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu unayarudisha mwanzo. Miwani ya kutazamia jua yenye alama ISO 12312-2. Tulioshuhudia jua likipatwa na kubaki pete pale Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, tunajua thamani yake. Ni ya macho matupu tu, usiivae ukachungulia jua kwa darubini. Na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vingi iwezekanavyo. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na ikishaingia katikati ya vioo ni kazi kuitoa. Fungia lenzi zako pamoja na vifuko hivyo kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Dawa ya mbu nunua hapo hapo Tanga.

Orodha yangu mimi ni fupi. Nataka kiti cha kulala chali uani, kwa sababu shingo hii si ya ujana tena. Nataka darubini ya macho mawili ya 15x70, yaani inayokuza mara 15 na yenye lenzi za milimita 70, na stendi yake. Na nataka tiketi ya Luxor, Misri, kwa tarehe 2 Agosti 2027, siku ambayo jua litafunikwa kabisa kwa zaidi ya dakika sita. Wanangu wamesoma hadi kwenye kiti wakanyamaza.

SWALI: Mume wangu anapenda sana nyota na anatimiza miaka 50. Nimeona intaneti wanauza vyeti vya kumpa mtu nyota yenye jina lake. Ninunue? – Mama Wawili, Moshi

JIBU: Usinunue, mama. Utapata karatasi nzuri, lakini jina hilo halitambuliwi na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ambao ndio wenye kauli juu ya majina ya nyota, na wao hawauzi. Mwaka 2019 walizialika nchi mbalimbali kuchagua majina, na Tanzania ikapata nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71. Sasa inaitwa Mpingo, na sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite.

Iko katika kundi la Nyangumi, na majira ya Novemba hupanda juu sana jioni. Kwa macho matupu haionekani, ila kioo kama hicho cha milimita 130 kinaifikia, mradi mtu awe na ramani nzuri na asiwe na haraka. Chapisha ramani ya sehemu hiyo kutoka Stellarium, ifunge pamoja na tochi nyekundu, umkabidhi. Kama hana darubini, barua ya juu imekwisha kukuambia ya kununua.