Kiyoyozi Kinapoza, Mbona Shuka Zinanata?

SWALI: Ndugu Mhariri, chumba changu cha kulala hapa Kisauni, Mombasa, kina mita 3 kwa 4, na fundi alinifungia kiyoyozi cha BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) akisema kikubwa ndicho kipozacho upesi. Kweli hupoza, kisha kompresa, ile mashine inayozalisha baridi, hunyamaza baada ya dakika chache. Lakini shuka zinanata, nyuma ya kabati kumeota ukungu, na nikiteremsha hadi nyuzi 18 tunatetemeka huku tokeni za stima zikiyeyuka. Shemeji yangu wa Nairobi ananishauri ninunue feni ya maji. Nimfuate?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, feni ya maji iache. Hiyo hupoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, na humfaa shemeji yako mchana wa Januari hewa ya huko inapokuwa kavu. Hewa ya Mombasa, ambayo usiku na alfajiri unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 80, haina tena pa kuupokea mvuke huo, na utakachonunua ni fukuto zaidi.

Kinachokusumbua ni unyevu kuliko joto. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na katika hewa iliyoshiba mvuke jasho halikauki, hata ukiteremsha nyuzi hadi meno yagongane. Kiyoyozi kina kazi mbili: kushusha joto, na kukausha hewa inapopita kwenye mabomba yake ya baridi, ambako mvuke hugeuka matone na kutoka kwa ule mpira unaoning'inia nje ya ukuta. Kazi hii ya pili ni nzito kuliko wengi wanavyodhani, kwani kupata lita 1 ya maji kutokana na mvuke ni kuondoa joto ambalo lingeweza kuchemsha takriban lita 8 za maji ya bomba, na jambo hilo linataka muda. Kiyoyozi chako hakina muda huo: kwa ukubwa wake hufikia nyuzi ulizokiwekea mapema mno, kompresa huzimika matone yangali kwenye mabomba, na feni ya ndani, inayoendelea kupuliza, huyarudisha chumbani yakiwa mvuke. Fundi wako alisema kweli kuhusu kasi. Hili la kukausha hewa ndilo alilopaswa kukueleza kabla ya kupokea pesa.

Usiku mmoja tega ndoo chini ya mpira huo, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Usiku unaofuata bonyeza rimoti hadi itokee alama ya tone la maji, ambayo hukausha hewa feni ikienda polepole, kisha linganisha maji ya ndoo uone ni usiku upi hewa ilikaushwa zaidi. Katika matumizi ya kawaida weka nyuzi 25 au 26, si 18, maana ukuta uliopozwa kupita kiasi huvuta umande, na nyuma ya kabati, pasipopita hewa, ukungu hupata makao. Lisogeze kabati kidogo, usianike nguo chumbani wakati wa masika, na ikiwa vioo vya dirisha havizibani sawasawa, vizibwe, kwa sababu mvuke unaopenya hapo usiku kucha unalipia wewe kuukausha.

Ukifika wakati wa kukibadilisha, chumba cha kadiri hiyo kwa kawaida kinatoshwa na cha BTU 9,000, hasa cha inveta, ambacho hupunguza mwendo badala ya kuzimika.