Deki ya elfu arobaini ndiyo iliyonipa Kijerumani

Kamwene wadau wangu. Jumamosi iliyopita nilisimama Kalenga, Iringa, ndani ya makumbusho, mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nikiwa na wageni tisa kutoka Ujerumani. Niliwasimulia kuanzia vita vya Lugalo mwaka 1891 mpaka fuvu liliporudishwa nyumbani mwaka 1954, yote kwa Kijerumani, bila karatasi wala mkalimani. Nilipotamka "Schädel", yaani fuvu, mama mmoja mtu mzima alivua kofia yake, na hakuivaa tena mpaka tulipotoka nje.

Neno hilo sikufundishwa darasani. Nililiokota kwenye muvi ya upelelezi, kwenye deki ya shilingi 40,000, chumbani kwangu Kihesa. Jumapili jioni, furaha ikiwa bado mbichi, nikapokea ujumbe wa msomaji kutoka Makambako: "Kaka, shikamoo. Dada yangu yuko Ufaransa, kanitumia CD za muvi nijifunze lugha. Deki inazikataa. Fundi anasema ni feki, nizitupe."

Marahaba mdogo wangu. Usizitupe. Hilo neno "feki" nami niliambiwa, na bado linaniuma.

Miaka hiyo nilikuwa msaidizi tu wa mwongoza watalii, nabeba maji na viti vya wageni tukienda Ruaha. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Ujerumani aliniona nikiandika maneno yake kwenye kiganja. Alipofika kwao akanitumia kifurushi kwa posta: CD sita za muvi, yaani DVD, kila moja kafunga karatasi aliyoandika kwa mkono maneno magumu yaliyomo. Nilikimbilia Miyomboni nikanunua deki. CD ikaingia, ikazunguka, ikalia kidogo, kisha kwenye TV yangu ya chogo yakatokea maneno mawili: WRONG REGION, yaani eneo si sahihi. Nikajaribu zote sita. Yale yale.

Muuza duka akasema CD feki. Fundi akasema lenzi imekufa. Nikamlipa 15,000, akakaa na deki wiki tatu, ikarudi haina skrubu mbili na hata CD za nyimbo za kwaya haisomi tena. Lakini kilichoniumiza zaidi si hela. Nilimwandikia yule mzee kwamba nimeziangalia zote na zimenisaidia sana. Nilimdanganya, kwa sababu niliamini kweli kanitumia vitu vibovu na sikutaka kumwaibisha.

CD zilikaa chini ya godoro zaidi ya mwaka. Ndipo siku moja, kwenye intaneti kafe, nikasoma jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. CD nyingi za muvi zinazotoka kiwandani hupewa namba ya eneo la dunia zinakouzwa. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya Magharibi na Japani ni 2. Sisi Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni 5. China ni 6. Deki nayo ina namba yake ndani, na namba zikipishana inagoma. CD ni nzima, deki ni nzima, lenzi ni nzima. Ni kufuli la wafanyabiashara tu, ili muvi iliyotoka Marekani leo isiwahi kuangaliwa kwingine kabla hawajaiuza huko.

Na deki za bei ya chini, zile tunazozidharau, mara nyingi ndizo rahisi kufunguliwa. Kiwanda kinatengeneza mashine moja kwa masoko mengi, hivyo kinaacha menyu ya siri ya kubadilishia namba.

Nikajikusanya, nikanunua deki ya pili, hiyo ya elfu arobaini. Ilikuwa Juni, na baridi ya Iringa mwezi huo mnaijua. Nikajifunika blanketi, daftari la namba za kujaribu pembeni. Nafungua trei, nabonyeza namba, kimya. Nabonyeza SETUP, kisha namba nyingine, kimya. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza upya. Yangu ilikubali 1, 3, 6, 9 baada ya SETUP. Kikatokea kidirisha ambacho kitabu cha maelekezo hakikitaji kabisa, kina neno REGION na namba 5. Nikashusha kwa mshale mpaka 0, maana yake maeneo yote. Nikabonyeza ENTER, nikazima, nikawasha. CD ya kwanza ikaanza kuongea. Niliwaamsha watu nyumba nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, vijana wenzangu. Namba hizo ni za deki yangu, yako itakuwa na zake. Tafuta kwa modeli iliyoandikwa nyuma ya deki, si kwa jina la mbele. Tumia rimoti yake halisi, ile ya kununua barabarani inaweza kukosa ishara inayohitajika. Usikubali mtu afungue skrubu hata moja kabla hujajaribu rimoti. CD chache za Marekani hukataa hata 0, hizo ziwekee 1. Na CD za Marekani hurekodiwa kwa mfumo wa NTSC, wakati za kwetu, za Ujerumani na za Ufaransa ni za PAL, kwa hiyo kwenye chogo picha inaweza kukosa rangi au kupanda na kushuka. Ingia SETUP, chagua PAL. Kwenye kompyuta kuwa mwangalifu zaidi: draivu yake, yaani sehemu inayosoma CD, inakubali kubadilishwa namba mara 5 tu, kisha namba ya mwisho inabaki hiyo hiyo.

Halafu jifunzeni! Mimi nilitumia kitufe cha A-B, kinachorudia kipande kimoja, nikarudia sentensi moja mpaka "ch" ya "ich" ikatoka bila kukwaruza koo. Kiingereza kila mwongoza wageni anacho. Watalii wanakuja Ruaha kutoka Ujerumani, Ufaransa na Italia, na sisi tunawasalimia kwa lugha isiyo yao wala yetu. Mnasema hakuna ajira huku mkikaa kibanda umiza tangu saa nne asubuhi. Amkeni, jamani. Lugha haiombi mtaji, inaomba masikio na subira.

Yule mzee nilimwandikia upya mwaka jana, kwa Kijerumani, nikamweleza ukweli wa ile barua ya kwanza. Alijibu kwa ukurasa mzima na kunisahihisha makosa manne ya sarufi kwa kalamu nyekundu. Nimeubandika ukutani, juu ya deki.

Mdogo wangu wa Makambako, Ufaransa nayo ni eneo 2 na ni PAL, kwa hiyo picha haitakusumbua, kufuli tu. Geuza deki, piga picha ile karatasi ya nyuma yenye modeli, unitumie leo usiku. Na kama fundi alichukua hela yako, mwambie akurudishie.